Hajja Alisema Nimekula Kuku Wake, Mimi Nisiyekula Nyama

Jina langu lifichwe, na mji wangu pia, maana wanangu wanaufuata ukurasa huu. Nina miaka hamsini na saba, wajukuu wanne, na huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya kazi za ndani huku Saudia. Shule sikuingia hata siku moja. Mimi nasema, anayeandika ni Mutua, dereva wa nyumba hii, mtu mzima mwenzangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Mimi sili nyama. Si mbuzi, si kuku, si samaki. Tangu utotoni ikifika kooni inarudi, basi, msinitafutie sababu nyingine. Nilipofika Riyadh, mtaa wa Malaz, nilikula mkate na chai mpaka nguo zikanivuka. Madam akawa anacheka, "Kwenu mlikosa nyama, huku unapewa unakataa?" Ndipo Mutua akaniletea chakula cha duka la Mmisri nyuma ya jengo letu. Wallahi nililia. Ful, yale maharage yao makubwa, yamepondwa na kumwagiwa mafuta na limau. Taamiya, ndizo bajia zao, nje ufuta, ndani kijani kibichi. Na koshari, wali na dengu na tambi sahani moja, juu vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, na pilipili ya siki. Kinashibisha, kina moto, na hakina hata mfupa. Tangu hapo kila Ijumaa ni sikukuu yangu.

Miaka mitatu iliyopita tulihamia Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kumtunza mama mzazi wa bosi wangu, ambaye namwita baba. Tunamwita Hajja. Hatembei, meno hana. Madam aliamuru ale kuku wa kuchemsha kila mchana. Hajja akawa anamtafuna kwa ufizi, anamtema kwenye kitambaa, anatokwa machozi. Huku nako Mutua alinipatia duka la Mmisri mwingine, na Ijumaa moja Hajja akanusa mfuko wangu. "Una nini wewe?" Nikamwonyesha taamiya. Bibi yule akashika moja kwa mikono miwili. Akaniambia alizaliwa Misri, na baba yake aliuza ful kwa mkokoteni, ila madam hataki hilo litamkwe humu ndani.

Basi nikawa namlisha. Nampondea ful laini kama uji wa mtoto, kuku nawapa paka wa uchochoroni. Alinawiri! Akawa ananitania, "Wewe mweusi, ningekuwa na miguu tungefungua duka." Nami namjibu, "Ungeanza wewe kula bidhaa zote." Nilimpenda kama mama yangu, na mimi sipendi watu ovyo.

Siku moja madam akaingia na dada zake wawili kumsalimia. Akakuta vipande vya taamiya kitandani. "Nani kakupa uchafu huu?" Hajja akawatazama wale wageni, akanitazama mimi. Akaninyooshea kidole.

"Huyu. Kuku wangu anamla yeye. Mimi ananipa maharage ya vibarua."

Nilidhani anatania. Nikangoja acheke.

Madam akasema, "Miaka kumi na moja unatudanganya huli nyama!" Nikaapa kwamba kuku wanaliwa na paka. Akaenda jikoni, akarudi na paja la kuku. "Si unampenda? Kula. Usipokula, kesho nakurudisha kwenu na kila mtu ajue ni mwizi wa chakula cha mgonjwa." Jamani, wajukuu zangu wasikie bibi yao mwizi? Nikala. Nimesimama, kooni inarudi, naimeza tena. Dada zake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilipotapika mkononi, madam akasema, "Halas, basi, umeshiba." Hajja alikuwa amegeukia ukutani.

Nikakatazwa kuingia chumba kile. Sasa madam mwenyewe ndiye anayempelekea kuku.

Sasa nisikilizeni, maana hapa mbaya ni mimi. Ijumaa iliyofuata, wenyewe wametoka, nilibeba kigoda changu nikakaa nje ya mlango wa Hajja. Nikafungua mfuko wa taamiya za moto. Nikatafuna kwa sauti. "Hajja, hii imetiwa dania nyingi. Hajja, leo ufuta wamemwaga!" Akaita jina langu. Nikatafuna nyingine. Ijumaa tatu nimefanya hivyo, na nilifurahi, siwafichi, chakula hakijawahi kuwa kitamu vile.

Ijumaa ya tatu hakuita. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Sogea karibu na mlango." Msamaha hakuomba. Nikainua kigoda changu nikaondoka.

Juzi baba amenifuata jikoni. "Mama hataki kula. Amebaki mifupa. Anakutaja wewe tu. Ulikuwa unampa nini?" Nikamtazama machoni, nikamwambia, "Mafi, hakuna kitu, baba. Sijui." Akasimama pale kama mtoto aliyepotea, kisha akatoka.

Nikimwambia baba ukweli, madam atanifukuza kwa kumlisha mkwewe alichokikataza, na nitarudi na lile lile jina la mwizi. Nikinyamaza, yule bibi atakufa kwa njaa nami najua dawa yake. Msiniambie nimsamehe kwa kuwa ni mzee, mimi pia ni mzee. Alinyooshea kidole mkono uliomlisha. Lakini nikilala nasikia ile "sogea karibu", naamka nakaa kitandani mpaka alfajiri.

Leo ni Alhamisi. Kesho madam na baba wanatoka, na Mutua, huyu huyu anayeandika, anapita kwa Mmisri. Ameshaniuliza mara mbili anunue taamiya za mtu mmoja au za wawili, na bado sijamjibu. Enyi mnaosoma, nishaurini. Nimwambie nini?