Hotuba Yangu na Dawa ya Magoti

Sikatai, kosa ni langu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilisimamia majaribio ya dawa ya magoti ya bibi mmoja mganga, katika vituo vitatu vya Handeni na Korogwe. Nusu ya wagonjwa walipewa mafuta yenye mizizi yake, nusu mafuta matupu. Chupa zilifanana, tofauti ilikuwa namba tu.

Siku ya kugawa, kijiji kimoja cha Handeni nilikihutubia hasa: "Hapa hakuna wa kupata na wa kukosa!" Wakanipigia makofi, nikavimba kichwa.

Baada ya miezi miwili vituo vyote vilikutana Korogwe. Nikasimama na daftari langu, nikatangaza kwa mbwembwe kwamba kijiji kile kina maajabu: wagonjwa wote, wa dawa na wa mafuta matupu, wamepata nafuu sawasawa.

Daktari wetu mkuu akavua miwani. Akamgeukia Mama Zaina, mjumbe wa kijiji kile na mmoja wa wagonjwa, aliyekuwa amepanda ngazi za ukumbi bila mkongojo wake.

"Shikamoo mama. Zile chupa mlizitumiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Tuliona wenzetu wengine hawapati nafuu, tukazimimina zote kwenye sufuria moja, tukagawana sawa." Akaninyooshea kidole. "Si huyu ndiye aliyetuhutubia?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikajificha nyuma ya daftari.

Daktari alifuta machozi, kisha akayatazama magoti ya Mama Zaina. "Kumbe hata ikizimuliwa huenda inasaidia! Tunaanza upya. Ila safari hii hotuba atoe mwingine."