Mvumo Katika Spika za Mwalimu Tluway

Kama ni kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitaki kukatishwa. Haya sikuyaota, wala sikuhadithiwa na mtu. Watu wa kwetu husema marehemu hutembea usiku. Mimi nilikutana naye saa kumi alasiri, jua linawaka, nyuma ya jiko la watu, nikiwa na akili zangu zote na testa ya kupimia umeme mfukoni.

Mimi ni fundi wa redio, kibanda changu kipo Dongobesh. Ndiyo, fundi mwanamke. Nimeshazoea wateja kuniuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Basi siku hiyo nilipigiwa simu na Mwalimu Tluway wa kijiji cha Tumati, mwalimu mstaafu anayeishi na mjukuu wake wa kike. Mtoto wake wa Arusha alikuwa amemtumia amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili ndefu zinazofika kiunoni.

"Inavuma, binti yangu," aliniambia. "Wamekuja mafundi wawili. Wa mwisho amesema nizoee."

Nizoee! Mtu anapolipwa kutengeneza kitu kisha anakwambia uzoee, huyo ni fundi? Nilifunga kibanda, nikapanda bodaboda.

Nilipofika nilimwamkia, akaitikia, tukakaa. Akanieleza kwa nini alitaka deki ya kaseti zama hizi za simu. Mkewe, Magdalena, hakujua kuandika. Kijana wao alipokuwa shule ya bweni, mama alikuwa anamrekodia salamu kwenye kaseti badala ya barua. Magdalena alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na kaseti iliyobaki ni moja tu.

"Macho yangu yamekwisha," mwalimu alisema, "picha yake siioni tena. Nilitaka nimsikie. Sasa nasikia mmmmm kama mzinga wa nyuki, na yeye yuko mbali huko nyuma ya nyuki."

Nakwambia, maneno yale yalinikaa. Nikajiapia kwamba sitoki Tumati mpaka nimeutoa ule mvumo.

Nikaanza kazi. Kuwinda mvumo ni kama kumtafuta mwizi kwenye nyumba yenye watu wengi: unamtoa mmoja mmoja nje, unasikiliza nani aliyebaki. Nilichomoa waya wa deki; amplifaya ikanyamaza, kumbe yenyewe ni nzima. Nikarudisha deki, nikachomoa waya wa dishi la televisheni. Mvumo ukapungua nusu. Nikachomoa chaja ya simu ya bei rahisi iliyokuwa kwenye soketi hiyohiyo, na sauti nyembamba kama ya mbu ikaondoka. Mafundi wale wawili nadhani waliishia hapo. Lakini palibaki kitu. Kilikuwa kinakwaruza, krrr, kinanyamaza, kinarudi tena, krrr. Nilikaa chini nikasikiliza karibu robo saa. Unajua nini? Kilikuwa kinakuja na upepo. Miti ya nje ikivuma, spika nazo zinakwaruza. Upepo ukitulia, kimya.

Upepo unaingiaje ndani ya spika?

Nikaenda kwenye boksi la umeme, nikawa nazima swichi moja moja, mjukuu akisikiliza sebuleni. Nilipozima ya jiko la nje, akapiga kelele, "Imeacha, fundi!" Nikawasha, ikarudi. Nikazima, ikaacha. Mwizi nimempata, nikasema. Nikaiwasha tena, kwa sababu nilitaka nimwone akifanya kazi, nikabeba ngazi, nikazunguka nyuma ya jiko.

Usiku wa jana yake mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa umelowa. Waya wa umeme ulitoka nyumba kubwa, ukaingia jikoni kwa kupita chini ya bati. Kutoka kwenye bati hilohilo, kamba ya nguo ilikuwa imefungwa, kamba ya waya mtupu, ikaenda mpaka kwenye mti wa mgrevilia. Haikuwa na nguo hata moja, imeshika kutu, na ilipita pale pale nilipotaka kuegesha ngazi. Nikanyoosha mkono niisogeze.

"Usishike, dada."

Niligeuka. Mama mmoja alikuwa amesimama chini ya kamba, amebeba beseni kiunoni, kanga imelowa mpaka magotini, miguu peku kwenye tope. Nilidhani ni jirani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Sisi huku mtu mzima haachi shikamoo ya mtu hewani, hata mkiwa mmegombana. Niliona ajabu, lakini nikadhani labda ana mambo yake.

"Pima kwanza," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, inakwama mwanzoni mwa neno kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Ndipo nikaelewa kilichokuwa mbele yangu. Waya wa umeme chini ya bati, bati limeshika kamba, na yeye yuko chini yake, peku, kwenye maji. "Mama, toka hapo!" nikamwambia. "Toka hapo haraka, inaweza kuua!"

"Mimi hainidhuru tena," akajibu, kwa upole kabisa. Halafu akasema, "Mwambie mwalimu kwamba Martina hakunila."

Niliinamisha macho kutoa testa mfukoni. Nikaigusisha kwenye kamba. Upepo ukaja, bati likacheza, na taa ndogo ya testa ikawaka nyekundu. Upepo ukatulia, ikazima. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu. Uwanja ule ni wazi, mahindi ya karibu yalikuwa ya kufika kwenye goti. Angejificha wapi? Nikatazama tope. Nyayo zilikuwa za viatu vyangu tu.

Je, nilikimbia? Miguu ilitaka. Lakini niliwaza yule binti mdogo aliyekuwa sebuleni, ambaye kesho angeweza kutundika sare yake ya shule kwenye kamba ile, nikarudi kwenye boksi, nikazima umeme wa nyumba nzima, nikapanda ngazi. Kweli, bati lilikuwa limekula gamba la waya mpaka shaba inaonekana. Nikaangalia na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliopotea ardhini usiue watu. Ulikuwa umekatika chini, umeoza, haujashika kitu. Nilibadilisha waya, nikaupitisha mbali na bati, nikafunga ethi upya, nikaikata ile kamba vipande vipande.

Tukawasha. Spika zilikuwa kimya, kimya mpaka nikadhani hazifanyi kazi. Mwalimu akaweka kaseti kwa mikono yake mwenyewe.

"Mwanangu," ikasema spika, "sisi huku hatujambo, mbuzi wako amezaa..."

Sauti nzito kidogo. Inakwama mwanzoni mwa neno.

Niamini, nilikaa sakafuni bila kujua nimekaa. Mwalimu machozi yalikuwa yanamtoka, anatabasamu, na mimi niliye karibu naye nilikuwa na baridi mpaka kwenye meno. Nilisubiri kaseti iishe. Kisha nikamwuliza, "Mwalimu, Martina ni nani?"

Uso wake ulibadilika. "Nani amekutajia jina hilo kwenye nyumba hii?"

Nikamweleza yote, sikuficha kitu. Akauliza, "Miguu yake?"

"Peku."

"Na beseni?"

"Kiunoni."

Ndipo akanisimulia. Magdalena alianguka chini ya kamba ile akianika nguo, siku ya upepo baada ya mvua. Hakuwa mgonjwa. Wiki moja kabla aligombana na Martina, jirani na rafiki yake wa siku nyingi, kwa sababu ya mbuzi aliyeingia shambani. Watoto walikuwa wakisema kamba inang'ata, wakubwa wakasema basi ni uchawi huo, kamba imefanyiwa kitu, Martina ndiye aliyemla. Watu waliacha kumsalimia Martina. Hakuna aliyempa hata chumvi ya kuazima. Mwishowe alifunga mizigo akahamia kwa kaka yake, kijiji cha Hirbadaw. Kamba hakuna aliyethubutu kuigusa, wala kuifungua.

"Na mimi nilikaa kimya," mwalimu alisema. "Mimi niliyefundisha sayansi darasa la sita miaka yote ile."

Jumamosi yake tulikwenda Hirbadaw, mimi, yeye na mjukuu. Nilibeba kipande cha waya kilicholiwa na bati. Martina alikuwa anapepeta maharage. Alipotuona hakusimama.

"Miaka mitatu Tumati mlininyima salamu," alisema. "Leo nani amewatuma?"

"Magdalena," mwalimu akajibu, na yule mzee wa watu akapiga magoti kwenye maganda ya maharage.

Martina alikishika kile kipande cha waya akakigeuza geuza, huku nikimweleza jinsi umeme ulivyopita kwenye bati ukafika kwenye kamba. Alilia, lakini si kwa ajili yake. "Masikini rafiki yangu," alikuwa akisema, "na mimi nilifikiri amekufa akiwa na hasira na mimi." Alimsamehe mwalimu. Tumati hakurudi. Alisema ana shamba Hirbadaw sasa, na watu wanaomwitikia. Siwezi kumlaumu.

Na mimi? Tangu siku ile siwezi kukaa kwenye nyumba yenye spika inayokwaruza bila kuamka kwenda nje kutazama wanaanika wapi nguo. Hata nikialikwa sherehe. Mume wangu anaona aibu, wateja wengine wanasema fundi yule amechanganyikiwa. Waseme. Kamba za waya nilizokwisha kuzikuta zinawasha testa ni tatu mpaka leo, mbili zikiwa na nguo za watoto wachanga.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza: muziki wako ukivuma, usiongeze sauti ili usiusikie mvumo. Nenda ukaufuate mpaka unakotoka. Na mtu akifa kwako bila sababu, kabla hujafungua mdomo kumtaja jirani, zima kwanza swichi kuu.