Kamera Inayolala Nje

Verna Haldorsen hajui kubembeleza mtu, na huku kwetu kwenye milima ya Kolorado hakuna anayemwomba ajifunze. Kila majira ya baridi hupanda kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, hadi kibanda cha juu, mgongoni kabeba kamera yake kubwa ya filamu. Filamu huizungusha polepole, maana kwenye baridi ile ukiharakisha inakatika. Jioni kamera haiingii ndani. Huitundika kwenye msumari nje ya mlango, kwa sababu kamera iliyoganda ikikutana na joto la jiko hutokwa jasho mpaka ndani ya lenzi.

Garth, mume wa dada yake, analijua hilo. Safari hii tulipanda naye sote, dada yake pia, na tukimsubiri Verna apige picha kwenye theluji, Garth alifoka, "Shemeji, unapiga picha au unachimba kaburi? Tunaganda!"

"Ganda kimyakimya," Verna akamjibu.

Kulipokucha tuliikuta kamera kando ya jiko. Lenzi imejaa ukungu, filamu imelowa na kugandana.

"Niliionea huruma," Garth akasema huku akicheka. "Nikasema ipate joto kidogo." Akajifunika blanketi, akalala tena.

Verna alichukua buti za skii za Garth, akazijaza maji, akazitundika kwenye ule msumari. Hakuna aliyemzuia, hata dada yake.

Garth alipoamka, buti zilikuwa jiwe, nasi tumeshavaa za kwetu.

"Na mimi nitashukaje?" akapiga kelele.

"Ziweke jikoni, shemeji," Verna akasema, akifunga mkoba. "Zipate joto kidogo."

Tukashuka.