Hodi Tatu za Programu ya Marehemu

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta hapa Mombasa, na mdomo wangu ulizoea kutangulia akili. Daktari mmoja mjane, mwenye zahanati ya watoto Mji wa Kale, aliniletea kompyuta yake iliyokufa. Diski ilikuwa nzima, na ndani yake mlikuwa na programu aliyoiandika marehemu mumewe. Bila programu hiyo faili za wagonjwa hazikusomeka, na dozi za watoto wake wa pumu na selimundu zote zilikuwa humo.

Mfumo wa zamani ulioiendesha programu hiyo haukupatikana tena. Nikaweka mwingine, wa bure, wenye mkalimani ndani yake: programu ikiomba jambo kwa lugha ya zamani, nifungulie faili, nipe saa, mkalimani hulipeleka kwa mfumo mpya na kurudisha jibu. Nikaiwasha programu. Ikatulia kidogo, kisha ikajifunga yenyewe bila kulalamika hata neno.

Wiki nzima nilitwanga maji kinuni. Nilichapisha orodha ya kila ombi na jibu lake, nikawa natembea nayo kila niendako. Mwishowe nikamwambia yule mama kuwa kazi ya mumewe ilikuwa na kasoro. Aliuweka tu mtandio wake sawa. Mpaka leo naona haya.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda kula kwa mamangu, Kibokoni. Alipokuwa akipakua pilau nikamsomea ile orodha kwa hasira: programu inaomba ifungiwe faili isiingiliwe na mwingine, inaambiwa haiwezekani, inangoja, inaomba tena, mara ya tatu inajiondokea kimya.

"Sasa wamlaumu nini?" akasema. "Kabisha hodi mara tatu, hakuitikiwa, kenda zakwe. Ndiyo adabu. Mlaumu alo ndani."

Mamangu hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Lakini marehemu alikuwa mtu wa mitaa hiyo hiyo, aliyefunzwa hodi hiyo hiyo, na mimi pia nilifunzwa, ila nilisahau. Nilimbusu mkono nikaiacha pilau yangu ikapoa. Nilipomkagua mkalimani nikakuta kwamba ombi la kufunga faili lina namba tofauti katika mifumo hiyo miwili, naye alikuwa akiipitisha namba ya zamani bila kuigeuza. Mistari minne ya kuigeuza, niliyomwongezea, ilitosha. Kila nikikumbuka, namwombea mamangu dua.

Jumatatu nilikwenda zahanati. Kwanza nilimwomba daktari radhi, kisha nikaiwasha programu. Kwenye kioo yakatokea maneno aliyoyaandika mumewe: Assalaamu alaykum.

"Wa alaykumu ssalaam," akaitika kwa sauti yake ya kawaida, kama alivyozoea kila asubuhi. Akavuta kiti, akaandika jina la mtoto wa kwanza kwenye foleni, na dozi yake ikatokea.