Barabara ya Pili Niliyoichomeka Dukani

Jamani, acheni niseme mwenyewe. Nauza vitenge duka la jumla Kariakoo, na jioni nasoma kompyuta. Juzi mwalimu katufundisha kwamba ujumbe ukitumwa unakatwa vipande, kila kipande kinatafuta njia yake, na njia moja ikiziba kinapita nyingine. Nililala nikisema Subhanallah.

Asubuhi nikakiangalia kile kiboksi cha dukani ambapo nyaya za kompyuta zote zinakutana. Matundu mawili yalikuwa wazi. Nikachukua waya, nikachomeka ncha zote mbili humo humo, ili ujumbe wetu upate barabara ya pili, kama tunavyokwepa foleni ya Msimbazi kwa kupita vichochoroni.

Haikupita muda, kompyuta zote zikaganda. Oda za wateja wa mikoani hazitoki. Bosi wetu, Mzee Salim, akamgeukia Zuhura, binti anayefungua duka.

"Wewe ndiye uliyeziwasha kompyuta! Kusanya vitu vyako uende kwenu!"

Mtoto wa watu analia, na mimi namnong'oneza, "Kiri tu mwanangu, Mungu anapenda wakweli."

Fundi akaja, akauinua ule waya. "Huu unarudi ulikotoka. Ujumbe unazunguka tu humu, unazidi kuongezeka mpaka njia zote zimejaa."

Nilistaajabu hadi nikasahau nilipo. "Allahu Akbar! Yaani waya wangu mmoja tu ndio umefanya yote haya?"

Duka zima likanigeukia. Zuhura akafuta machozi.

"Waya wa nani, mama?"