Ukurasa wa Pili Ulioachwa Kwenye Mashu

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: aliyeaibika pale kanisani Mushaki, mbele ya kwaya mbili, ni mimi. Na usiku wa kuamkia Jumapili ile sikulala, nikijiuliza kama mtu anayemwacha mwingine afukuzwe kwa kosa lake amesema uongo au hakumaliza tu maelezo (tazama akili ya msomi, badala ya kutubu anatafuta tofauti).

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Papa Daniel, anayechunga ng'ombe zetu tangu nikiwa mtoto, aliniomba Jumamosi nimshikie ng'ombe kwa muda wa saa moja akamwone mke wake mgonjwa. Nikakubali. Lakini nilikuwa natayarisha mahubiri juu ya anguko la Adamu, na nilitaka kumwuliza rafiki yangu wa chuo kuhusu mstari mmoja, na rezo ya simu inapatikana tu kwenye kilima ng'ambo ya shamba la Mama Furaha, basi nikashusha miti inayofunga mlango wa malisho, simu mkono mmoja, karatasi za mahubiri mkono mwingine, nikajiambia nitairudisha nikirudi. Niliporudi, ng'ombe wote walikuwa kwenye mashu ya Mama Furaha, wanatafuna kabichi hizo kama wamealikwa arusi.

Baba alipouliza nani aliacha mlango wazi, nilisema, "Ng'ombe walikuwa na Papa Daniel." Papa Daniel akasema kijana ndiye alikuwa pale. Baba akamcheka.

"Mutoto wangu iko lisansie! Atasema uongo juu ya mashu?"

Akamfukuza palepale, mbele ya majirani. Diploma yangu ya chuo ikawa jani la mtini.

Jumapili nikapanda mimbarani na kupiga kelele (mwenye hofu hupiga kelele). "Adamu alimsukumia mke wake kosa! Mwanaume gani huyo?" Wakaitikia amina. Nikageuza karatasi: ukurasa wa kwanza, kisha wa tatu. Nikageuza tena. Nikatafuta ndani ya Biblia, mifukoni, hata chini ya kiti cha pasta.

Mama Furaha akasimama.

"Lisansie, usijichokeshe. Page ya pili njo hii. Niliiokota mu mashu yangu, katikati ya nyayo za ngombe zenu."

Shemasi mmoja akaropoka, "Kumbe Adamu iko mutu ya Mushaki!" Kanisa zima likapasuka kwa kicheko. Papa Daniel hakucheka. Alikuwa karibu na mlango, furushi miguuni, mke wake amemwegemea, wanangoja ibada iishe warudi kwao Nyamitaba.

Pasta akanipa ile karatasi. "Soma."

Nikasoma maneno yangu mwenyewe, yana matope: "Mungu alipouliza 'Uko wapi?' alijua alipo. Alikuwa anampa Adamu nafasi ya kujitokeza." Nikaishusha karatasi. Nikasema, "Mimi ndiye niliacha mlango wazi. Papa Daniel hakuwepo."

Nje, baba akanivuta kando. "Ungenyamaza, tungeimaliza ku nyumba."

Hapo hasira ikanipanda. Tungeimaliza vipi? Kwa kushona majani mengine? Kila Jumapili tunaimba kwamba Yesu alibeba aibu yetu, lakini Yesu alikubali mwenyewe! Papa Daniel nani alimwuliza? Nilimtwika msalaba wangu, kisha nikapanda kumhubiria!

Nikashika lile furushi. Papa Daniel akalivuta.

"Acha, kijana. Baba yako alinifukuza mbele ya watu. Kama ananitaka, aniite mbele ya watu."

Nikamgeukia baba, na kwa mara ya kwanza maishani sikufikiri mara mbili. "Papa, mwite. La sivyo nami ninaenda nao Nyamitaba, nibebe hili furushi."

Baba akatazama mashemasi, akatazama viatu vyake. Kisha akamwita Papa Daniel arudi, mbele ya watu wote.

Jumatatu asubuhi nilikuwa shambani kwa Mama Furaha napanda miche mipya, na nimekwenda kila siku tangu hapo. Mimbarani sitapanda mpaka mashu yale yafunge vichwa. Nikipita mlangoni narudisha miti yote, halafu narudi kuhakikisha. Na kila asubuhi yule mama anaita kutoka jikoni kwake, akicheka:

"Adamu, uko wapi?"

"Niko hapa, Mama. Mu mashu."