Mvuvi wa Kibara

Mke wangu ameokoka, na siku alipookoka yeye, nyumba nzima iliokoka naye bila kuulizwa. Kwetu Bweri hata siki ikiingia jikoni hunuswa kwanza. Simlaumu, ni mwanamke mwema na sala zake zimenivusha mengi. Ila mimi nauza vipuri vya pikipiki mjini Musoma, na kazi hiyo ina raha yake moja: vipuri huisha, na vikiisha lazima mtu atoke akavifuate. Mimi huvifuata Bunda. Musoma pia vipo, mtaa wa pili tu kutoka dukani kwangu, lakini mke wangu hajawahi kuuliza na mimi sikuona sababu ya kumchosha na habari za biashara.

Nyuma ya stendi ya Bunda, ukishapita maduka ya pembejeo, kuna baa ndogo isiyofanana na baa nyingine. Mwenyewe alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha bia huko mbali, akarudi nyumbani, akanunua mapipa mawili ya chuma na kuyasimamisha nyuma ya kioo ili kila mnywaji aone kinywaji chake kinatoka wapi. Anapika bia mwenyewe. Ipo ya mtama, ipo ya asali, na ipo moja chungu yenye maganda ya ndimu ambayo vijana wa maofisini huinywa wamekunja uso huku wakiisifia. Hakuna televisheni, hakuna muziki wa kupasua masikio.

Kilichonifunga mimi si hayo mapipa. Katikati ya ukumbi mwenyewe aliweka chungu kikubwa cha pombe ya ulezi, ile ya kumiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mirija mirefu, kama walivyokunywa babu zetu. Watu hukaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Nilikuwa nikikaa pale najisikia mtu mwenye siri nzuri.

Jumamosi moja asubuhi mke wangu alikwenda Butiama na kwaya yake, semina ya kutwa nzima. Kabla basi lao halijafika hata njia panda, mimi nilikuwa nimeshafunga duka. Nilifika Bunda, nikachukua mrija wangu, nikaegemea ukuta na kuvuta mara ya kwanza, ile inayoshuka polepole na kukuambia pole kwa wiki nzima. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze, maana wapo wanaoona mkwe ni mtu wa kawaida. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawali pamoja. Hawanywi pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anapisha na kuangalia majani. Salamu zinapita kwa mtu wa tatu, na kulala chini ya paa moja ndiyo kabisa usitaje. Nimemwoa binti yake miaka mingi, tuna watoto wakubwa, na sura ya mama yule naijua zaidi kwa picha ya ukutani kuliko kwa macho.

Na wakati huo mwiko wenyewe ulikuwa umegeuka msiba nyumbani kwangu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, ukungu unazidi kila msimu wa pamba. Hospitali ya Musoma walikuwa tayari kumfanyia upasuaji, ila walitaka akae karibu kwa muda, aende kliniki mara kwa mara. Karibu maana yake ni kwangu Bweri, hatukuwa na ndugu mwingine mjini. Naye alikataa. Kila mke wangu alipokwenda Nyamuswa, kijijini kwa mama yake, kumbembeleza, jibu lilikuwa lile lile: "Nilale kwa mkwe? Bora nipofuke." Mke wangu alirudi akilia, na mwiko ni mwiko, na mimi ndiye mkwe mwenyewe.

Sasa mtu huyo huyo anaongozwa na dereva wa bodaboda mpaka kwenye benchi, benchi langu, na kuketishwa pembeni yangu. Dereva akamwambia atamfuata baadaye, akaenda zake. Mhudumu, bila hata kuuliza, akamletea mrija. Ndipo nikajua mama naye alikuwa mteja wa siku nyingi. Nyumbani kwake aliagaga kwamba anakwenda Bunda kufuata dawa ya macho.

Nilitaka kuinuka. Lakini kutoka ilikuwa lazima nimruke miguu, jambo ambalo ni baya kuliko kukaa. Nikabaki nimeganda, mrija mdomoni, wala sivuti. Nikajiambia haoni, nikikaa kimya atafikiri ni ukuta. Kisha moshi wa jiko ukanipalia nikakohoa.

Aligeuza shingo. "Nani huyu amekaa hapa?"

Nikaipandisha sauti puani. "Mpita njia tu, mama."

"Wa wapi, mwanangu?"

Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Pengine ulezi ulikuwa umeshafika. "Wa Kibara, mama. Mvuvi."

Mimi mvuvi! Mimi ambaye hata kivuko hunitapisha. Wazee waliokuwa upande wa pili wa chungu, wanaonijua vizuri na mafuta yangu ya breki kwenye kucha, waliinamia mirija yao kwa pamoja.

"Eeh, Kibara," akasema mama kwa furaha. "Siku hizi mnatoaga nini?"

"Sato, mama. Sangara kidogo. Na kamongo."

"Kamongo mnamtoa na wavu wa dagaa?"

"Ndiyo mama, huo huo. Wanaingia wengi sana."

Mzee mmoja, anayejua kwamba kamongo ni samaki wa matopeni anayetolewa kwa ndoano, alipaliwa na pombe ikambidi atoke nje. Mama alitikisa kichwa taratibu, akasema ziwa kweli limebadilika, akavuta. Nikavuta na mimi. Hivyo ndivyo nilivyokunywa na mama mkwe wangu chungu kimoja, na paa halikuanguka.

Ningeondoka mapema kama asingeanza kunisema. Alianza bila kuulizwa, kama watu wafanyavyo na mgeni wanayejua hawatamwona tena. Alisema ana mkwe huko Bweri. Si mtu mbaya, alisema, ila ni mwoga. "Anamwogopaga mke wake mpaka huruma. Na kanisani anaimba kama mbuzi amefungwa kamba fupi. Mwenyewe anajionaga anaimba."

"Kweli mama?" nikauliza, sauti ya puani ikinitoka kwa shida.

"Kweli. Na harusini alivaa kiatu cha kuazima. Tulikiona wote, tukanyamaza."

Kiatu kile kilikuwa cha kaka yangu. Nilidhani siri ile tuliifukia miaka hiyo hiyo. Nilivuta mrija kwa hasira mpaka nikasikia makapi ya ulezi.

Halafu sauti yake ikashuka. Akasema wanamtaka akafanyiwe macho, naye hakatai macho. "Binti yangu namjua kwa sauti tu sasa. Sura yake nimeisahau, mwanangu. Nikilala najaribu kuikumbuka, inakuja ya utotoni, ya sasa haiji. Lakini nitalalaje kwa mkwe, nitokee mlango mmoja na yeye, nikutane naye asubuhi anakwenda kuoga?" Akashika mrija kwa mikono miwili. "Mkwe mwenye akili angejenga hata kachumba nyuma ya nyumba. Mlango uangalie kwa jirani. Yeye apite huku, mimi nipite kule. Wazee wetu walifanyaga hivyo. Huyu hajui, amekulia mjini. Na kitu kingine." Akainama sikioni mwangu. "Pale kwao ni pakavu. Jioni bila kikombe kimoja mimi silali. Hilo nalo namwambia nani?"

Nilisahau sauti ya puani, nilisahau Kibara. Miezi yote ile tulikuwa tunamwombea mama alainike moyo, kumbe moyo ulikuwa laini siku nyingi, kilichokosekana ni chumba na kikombe. Nikasema tu, "Pole sana, mama." Dereva wa bodaboda alipomfuata, mama alinipapasa bega akaniambia nimsalimie ziwa.

Niliporudi Musoma nilijiona mjanja wa wajanja wote wa Mara. Nimeiba siri ya mama mkwe, na yeye hata hajui kwamba ameibiwa! Jumatatu nikaita fundi, matofali yakashuka. Nyuma ya nyumba kikaota chumba, mlango ukiangalia mahindi ya jirani, na kinjia chake chenyewe cha kutokea barabarani. Mke wangu alisimama akitazama, mikono kiunoni.

"Hiki chumba cha nani?"

"Cha mama. Akikaa humu hatutakutana."

"Nani amekufundisha?"

Nikasema nimeota. Mke wangu machozi yakamlengalenga, na Jumapili akasimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda wa jinsi mume wake alivyooteshwa. Watu walipiga makofi. Mchungaji akaniombea kwa kuniwekea mikono, akaomba ndoto hizo ziongezeke. Nikaitikia amina, kwa sababu kwa kweli nilikuwa nimepanga kwenda tena Jumamosi.

Mama alipopelekewa habari za chumba, hakubishana hata kidogo. Aliuliza tu mlango unaangalia wapi. Alipoambiwa, akaanza kufunga nguo zake.

Walimfanyia jicho moja, baadaye la pili. Siku ya kuondoa bandeji ya mwisho mimi nilikaa kwenye korido, kama inavyompasa mkwe, lakini mlango wa wodi ulikuwa wazi na sikuziba macho. Nilimwona mama akipepesa. Nilimwona akimshika mke wangu mashavu, akimgeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akigusa mvi zake moja moja pale kwenye nywele za mbele. "Kumbe umekuwa mtu mzima," akasema. Mke wangu alilia kama mtoto. Mimi nilitoka nje nikajifanya napiga simu.

Zikapita wiki, macho yakapona, daktari akamruhusu ale na kunywa anachotaka. Jioni moja nilirudi kutoka Bunda na vipuri, na chupa ya chai chini ya vipuri. Humo ndani hamkuwa na chai. Niliusubiri mlango wa jikoni ufungwe, nikazunguka nyuma, nikaiweka chupa kwenye kona ya chumba cha mama, bila kuonekana, nikataka kuondoka kwa kunyata.

"Mvuvi," sauti ikasema kutoka upande wa pili wa kona.

Mguu wangu mmoja ulibaki hewani.

"Kamongo na wavu wa dagaa," akasema mama. "Nilikaribia kupasuka mbavu siku ile."

Niliegemea ukuta. Yeye alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya mlango, mimi huku, kona ya nyumba katikati yetu, hakuna anayemwona mwenzake. Nikahesabu yote aliyoyasema pale kwenye chungu: mbuzi, kiatu, woga. Kumbe alikuwa ananitandika ana kwa ana, mimi namvumilia kwa heshima.

"Mama, ulinijua saa ngapi?"

"Ulipokohoa. Macho yakizima unafikiri na masikio yanalalaga? Hicho kikohozi nakisikiaga nyuma ya mlango wangu tangu ulipokuja kuposa."

"Na ukakaa? Tukanywa chungu kimoja?"

Nilisikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa, na harufu ya ulezi wa moto ikaja hadi kwangu. Mkono wake ulitokea kwenye kona, umeshika kifuniko kilichojaa, ukakiweka juu ya tofali upande wangu, ukarudi.

"Mama, uko na nani huko?" mke wangu akaita kutoka jikoni.

"Na mgeni tu," mama akajibu. "Anapita." Kisha akashusha sauti, akaniambia mimi peke yangu: "Nilikuwa nataka kumwona mtoto wangu. Mkwe nisingeweza kumwomba nyumba, ningekufa na aibu yangu. Mvuvi niliweza kumwomba."